Nyumba ndogo ya Ruthwell na sanduku la kufuli tatu

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikwenda Tabata kumsalimia mama mdogo. Nilikuwa nimesahau kwamba ni siku ya kikundi. Nilipoingia uwani nikakuta kina mama 18 wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, na katikati yao sanduku la chuma la rangi ya bluu lenye kufuli tatu. Kufuli mbili zilikuwa zimeshafunguliwa. Ya tatu ilikuwa bado imefungwa.

Mshika ufunguo wa tatu alikuwa amesafiri alfajiri kwenda Singida kwenye msiba wa ghafla, na ufunguo ameondoka nao kwenye mkoba. Siku nyingine lingekuwa jambo la kucheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka, kwa sababu mtoto wa mwanachama mmoja alikuwa amelazwa tangu usiku, na mama yake alikuja kuomba fedha za mfuko wa jamii.

Maneno yakapanda. Mmoja akasema kufuli ivunjwe kwa nyundo. Mwingine akasema nyundo ya nini, dawa ni kubadili utaratibu. "Tuko pamoja mwaka wa sita huu. Kuna mwizi hapa? Sanduku linalala kwa huyu mama, basi na funguo zote zikae kwake, tuache kuteseka." Wengi wakaitikia. Aliyekuwa anaonyeshwa kidole ni mama mdogo wangu, mtunza sanduku wa kikundi.

Mama mdogo akatikisa kichwa. "Mimi sizitaki," akasema.

Nitarudi uwani kwa mama mdogo, mpenzi msomaji. Lakini wakati wao wakibishana, mimi nilikuwa nimekumbuka sanduku lingine la kufuli tatu ambalo habari zake nilizisoma zamani. Lipo mbali sana na Tabata, na lina umri wa zaidi ya miaka 200. Lipo kwenye nyumba ndogo katika kijiji kiitwacho Ruthwell, na historia yake ina jibu la ubishi wa siku ile.

Nyumba isiyofanana na benki

Ruthwell ni kijiji cha kusini mwa Uskoti, kati ya miji ya Dumfries na Annan, karibu na ghuba ya Solway inayotenganisha Uskoti na England. Nyumba ninayoisema ni ya chini, haina ghorofa, na kuta zake zimepakwa rangi nyeupe. Haina nguzo za mawe wala milango ya shaba kama benki kubwa za mijini. Mgeni asiyeambiwa angedhani ni nyumba ya mkulima.

Hapo ndipo mwaka 1810 ilipofunguliwa Benki ya Usharika wa Ruthwell. Aliyeifungua hakuwa tajiri wala mfanyabiashara. Alikuwa mchungaji wa kanisa la hapo kijijini, Henry Duncan.

Duncan alizaliwa mwaka 1774, mtoto wa mchungaji. Akiwa kijana alipelekwa Liverpool, akafanya kazi miaka 3 kwenye benki ya Heywood. Angeweza kubaki huko akawa mtu wa fedha, lakini moyo wake haukuwa kwenye biashara. Akarudi Uskoti kusomea uchungaji, na mwaka 1799 akapewa usharika wa Ruthwell. Baadaye alimwoa Agnes Craig, binti wa mchungaji aliyemtangulia hapo.

Aliikuta hali ya watu wake ni mbaya. Wengi walikuwa vibarua wa mashamba, wajakazi na mafundi wadogo. Vita vya Uingereza na Ufaransa vilikuwa vimepandisha bei ya chakula, na mavuno yakiharibika njaa ilibisha hodi. Duncan aliwatumia kaka zake waliokuwa Liverpool kuagiza nafaka, akawapatia watu wake bila kutafuta faida. Lakini aliona wazi kwamba chakula cha msaada kinaisha, na kikiisha mtu anabaki pale pale alipokuwa.

Kwa nini maskini hakuwa na benki

Kabla ya kuendelea, tuelewe hesabu za fedha za wakati ule. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Peni 6 zilikuwa nusu shilingi, kiasi ambacho huku kwetu wazee walikiita sumuni.

Benki zilikuwepo Uskoti, na nyingine zilikuwa na sifa nzuri. Tatizo ni kwamba kufungua akaunti kulihitaji pauni 10. Ukizihesabu kwa sumuni ni sumuni 400. Mjakazi wa shambani aliyebakiwa na sumuni moja baada ya mahitaji yake angezipata wapi nyingine 399, na angezificha wapi wakati anaendelea kuzikusanya?

Ndiyo maana fedha ndogo zilikuwa haziwekwi. Zilikaa kwenye soksi, chini ya godoro, au zilikabidhiwa kwa mwajiri kwa mdomo tu. Nyingine ziliishia kilabuni. Watu wa nje walisema maskini hana nidhamu ya fedha. Duncan, aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta ya benki, alijua kwamba sababu mojawapo ni nyepesi zaidi: maskini hakuwa na mahali pa kuweka.

Kulikuwa na njia moja. Vijiji vingi vilikuwa na vyama vya kusaidiana, ambavyo msomaji wa kwetu angevifananisha na vile vya kufa na kuzikana. Mwanachama alichangia kila mara, na akiugua au akifiwa alisaidiwa. Ruthwell nayo ilikuwa na chama cha namna hiyo, na Duncan alikifufua. Lakini aliona upungufu wake. Michango ya chama ni ya wote. Usipougua wala kufiwa, hurudishiwi. Ukihama kutafuta kazi, unaacha jasho lako nyuma. Msichana anayejiwekea vyombo vya nyumba yake ya baadaye, au baba anayetaka kununua ng'ombe wa maziwa, hapati jibu kwenye chama cha mazishi.

Wengine walishajaribu kutafuta jibu hilo. Hamburg, Ujerumani, kulikuwa na taasisi ya akiba tangu mwaka 1778. Tottenham, karibu na London, mwanamke aitwaye Priscilla Wakefield alikuwa ameanzisha benki ya akiba ya wanawake na watoto miaka michache kabla ya Ruthwell. Lakini mpango wa Tottenham uliwategemea sana matajiri wenye huruma. Duncan alitaka benki ambayo ingesimama kwa miguu yake yenyewe, matajiri wawepo au wasiwepo.

Peni 6 mkononi, asilimia 4 kitabuni

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Kiwango cha kuanzia kilikuwa peni 6. Fedha zote zilizokusanywa zilipelekwa Dumfries kwenye tawi la kampuni ya British Linen, iliyokuwa benki kubwa, kama akaunti moja. Kwa kuwa zilikuwa pamoja, sumuni za wajakazi na vibarua zilipata kile ambacho sumuni ya mtu mmoja isingepata: riba ya asilimia 5 kwa mwaka.

Katika hiyo 5, mwanachama alipewa 4. Kilichobaki kiliendesha benki. Waliodumu miaka 3 na kufikisha pauni 5 waliweza kupewa riba kamili ya asilimia 5 kwa sababu maalumu, kama kuoa au kuolewa, au kufikisha umri wa miaka 56. Kwa upande mwingine, aliyeshindwa kuweka angalau shilingi 4 kwa mwaka mzima alipigwa faini ya shilingi 1. Mchungaji alikuwa mpole, lakini hakutaka mchezo.

Mwaka wa kwanza benki ilikusanya pauni 151. Usizidharau. Ni sawa na sumuni 6,040, na zilitoka kwa watu walioambiwa kwamba hawawezi kuweka akiba. Mwaka wa pili zikawa pauni 176, wa tatu 241, na wa nne, mwaka 1814, zikafika 922. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Ruthwell kilijaa mara 6 katika miaka 4.

Duncan alikuwa na silaha nyingine: gazeti. Mwaka 1809 alikuwa ameanzisha gazeti la Dumfries and Galloway Courier, na mwaka 1815 akachapisha kitabu kidogo kueleza jinsi ya kuanzisha benki za namna yake. Maswali yakaanza kumiminika kwa barua. Alijibu mwenyewe, akigharimia posta na safari kutoka mfukoni, na hakulipwa mshahara wowote na benki.

Wazo lilisambaa kwa kasi. Mwaka 1816 benki za akiba zilianzishwa Boston na Philadelphia nchini Marekani. Mwaka 1817 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya benki za akiba za England, na baada ya Duncan kwenda London kushawishi, Uskoti ikapata yake mwaka 1819. Mwaka 1924 wawakilishi wa benki za akiba kutoka nchi nyingi walikutana Milan, Italia, na huko ikapatikana Siku ya Akiba Duniani, inayoadhimishwa Oktoba 31.

Sanduku na washika funguo

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Leo ni makumbusho ya benki za akiba. Kuna vibubu vya kila namna, noti na sarafu za zamani, na nyaraka za Duncan. Lakini kitu ambacho mwanakikundi yeyote wa hapa kwetu angekisogelea kwanza ni sanduku lenye kufuli tatu. Halifunguki kwa ufunguo mmoja. Viongozi watatu walipaswa kuwepo, kila mmoja na ufunguo wake, ndipo kifuniko kinyanyuke.

Fikiria maana yake. Hiki ni kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake. Kiongozi wa benki ni mchungaji, mtu aliyewabatiza watoto wao na kuwazika wazee wao. Kama kuna mahali ambapo mtu mmoja angeaminiwa na funguo zote, ni hapo. Na bado kufuli zilikuwa tatu.

Kufuli zile hazikuwekwa kwa sababu mchungaji alishukiwa. Ziliwekwa ili asije akashukiwa. Mjakazi aliyeweka sumuni yake hakuhitaji kuchunguza tabia ya mtu. Alichohitaji ni kuona kwamba hata mtu mwema hawezi kufungua peke yake.

Haina maana kwamba kila kitu cha Ruthwell kilikuwa cha kuigwa. Benki ile ilimchunguza mwombaji: umri wake, familia yake, hata mwenendo wake. Msomaji wa leo atajiuliza fedha ni zake, mwenendo wake unawahusu nini. Tena benki ya akiba humsaidia mwenye kidogo. Asiye na kitu kabisa hana cha kuweka. Duncan alitumaini kwamba akiba ingewaondoa watu kwenye haja ya kusaidiwa. Hilo lilikuwa tumaini kubwa kuliko uwezo wa sumuni.

Akiba ya mke ni ya nani?

Kuna jambo jingine ambalo kufuli tatu hazikulizuia, na kina mama watalielewa haraka.

Kwa sheria ya Uskoti ya wakati ule, msichana aliyeolewa aliingia kwenye ndoa na fedha zake, lakini fedha hizo zikawa chini ya mumewe. Mjakazi angeweza kujinyima miaka 5, akaweka sumuni baada ya sumuni, akapata hata nyongeza ya riba kwa sababu anaolewa, na siku ya harusi fedha zote zikabadilika mwenyewe kisheria. Ilichukua hadi mwaka 1877 kwa sheria ya Uskoti kulinda mshahara na mapato ya mke, na mwaka 1881 kuondoa haki ya mume juu ya mali yake nyingine inayohamishika. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 baada ya benki ya Ruthwell kufunguliwa.

Ninalitaja hili kwa sababu bado tunalisikia kwenye nyumba zetu, ingawa sheria zimebadilika. Mwanamke anaweka hisa kwenye kikundi, siku ya kuvunja mzunguko anarudi na bahasha, na kabla hajakaa anaulizwa, "Zimetoka ngapi?" Mwingine anaficha kitabu cha kikundi kwenye debe la unga. Sanduku la kikundi linaweza kuwa salama kabisa, na fedha zikapotea njiani kati ya sanduku na meza ya chakula. Mume na mke wakikubaliana mapema fedha za mwaka ni za nini, ada ya mtoto au bati la jikoni, wameweka kufuli nyingine muhimu kuliko ya chuma.

Rochdale: siku ufunguo ulipokaa kwa mmoja

Benki za akiba zilipoenea, si zote zilizokumbuka sanduku la Ruthwell.

Mji wa Rochdale, kaskazini mwa England, ulikuwa na benki ya akiba ya wafanyakazi wa viwandani. Aliyeiendesha ni George Haworth, mtu aliyeheshimika sana mjini. Wadhamini walikuwepo kwa majina, lakini walimwachia yeye vitabu na fedha. Walimwamini, basi. Kumkagua mtu kama yule ingeonekana ni kumvunjia heshima.

Mwaka 1849 Haworth alifariki. Vitabu vilipofunguliwa na mtu mwingine, ikagundulika kwamba zaidi ya pauni 71,000 za watu hazipo. Alikuwa amezitumbukiza kwenye biashara zake mwenyewe. Familia nyingi zilizokuwa zimeweka sumuni na shilingi kwa miaka zilibaki na vitabu vya akiba vyenye tarakimu nzuri na mikono mitupu.

Haworth hakuvunja kufuli. Hakuwa na haja, kwa sababu funguo zote alikabidhiwa kwa heshima.

Maanguko ya namna hiyo, maana Rochdale haikuwa peke yake, yalisaidia kuishawishi serikali ya Uingereza. Mwaka 1861, William Gladstone akiwa waziri wa fedha, ilipitishwa sheria ya kuanzisha benki ya akiba ya posta, ambayo fedha zake zilikuwa na dhamana ya serikali. Mtu aliweka posta, akapewa kitabu.

Utaratibu huo wa posta ndio uliofika huku kwetu. Kenya ilipata Benki ya Akiba ya Posta mwaka 1910, miaka 100 kamili baada ya Ruthwell. Tanganyika ilipata yake mwaka 1925, ambayo mwaka 1992 ilikuja kuwa Benki ya Posta Tanzania. Wazee wetu wengi waliosoma shule za zamani walianza kujua neno akiba kwa kitabu kidogo cha posta. Ukifuata ukoo wa kitabu kile nyuma kabisa, utafika kwenye nyumba nyeupe isiyo na ghorofa.

Kufuli tatu zarudi

La kushangaza ni kwamba sanduku lenyewe nalo lilirudi kwa njia yake.

Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini kuunda vikundi vya kuweka na kukopeshana. Fedha ziliwekwa na wanachama wenyewe, na mikopo ikatoka humo humo. Mtindo huo ulienea Afrika nzima, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umeshafika Tanzania, ambako tunaujua zaidi kwa jina la VICOBA. Alama yake kila mahali imekuwa ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku kwa mtu wa nne asiye na ufunguo.

Sijui kama kuna fundi aliyewahi kusimama mbele ya sanduku la Ruthwell kabla ya kuchomelea la kwetu. Huenda haikuhitajika. Watu wenye fedha ndogo wakikaa pamoja popote duniani, swali linalowakabili ni lile lile, na jibu nalo linakuja kufanana.

Leo Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayoviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Vikundi vingi vimekwenda halmashauri, vimepata cheti, vingine vimefungua akaunti benki au vinaweka kwenye simu. Ni jambo zuri. Lakini cheti hakihesabu fedha, na simu nayo ina ufunguo wake, ile namba ya siri. Kikundi kinachoweka fedha kwenye laini ya mtu mmoja, namba ya siri anaijua yeye peke yake, kimetoka kwenye sanduku la kufuli tatu kikaenda Rochdale, hata kama kinadhani kimekwenda kisasa.

Kama wewe ni mwanakikundi, jiulize haya kabla ya mkutano ujao. Funguo zinakaa kwenye nyumba tatu tofauti, au mbili ziko kwa mtu na wifi yake? Mtunza sanduku ana ufunguo? Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, au katibu anasema tu jumla? Kitabu chako unacho wewe, au vyote viko kwake? Na mshika ufunguo akisafiri, mmekubaliana nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lililowakuta kina mama wa Tabata.

Uwani kwa mama mdogo

Kabla sijarudi huko, nimalizie habari za Duncan. Alikuwa mtu wa mambo mengi. Kwenye usharika wake kulikuwa na msalaba wa mawe wa zaidi ya miaka 1,000, ambao ulivunjwa vipande katika karne ya 17. Aliukusanya, na mwaka 1823 akausimamisha tena. Leo upo ndani ya kanisa la Ruthwell, na watu husafiri kutoka mbali kuuona. Mwaka 1843 kanisa la Uskoti lilipogawanyika, alifuata upande aliouamini, akaacha kanisa na nyumba aliyoishi miaka 44. Alifariki mwaka 1846. Miaka 3 baadaye ikatokea Rochdale, na hakuwepo kuiona.

Sasa turudi uwani.

Kufuli haikuvunjwa. Katibu, mama mmoja mpole aliyekuwa kimya muda wote, alikumbusha kwamba hisa za siku ile zilikuwa bado hazijaingia kwenye sanduku. Zilikuwa mezani, kwenye bakuli. Wakakubaliana kwamba kiasi cha mfuko wa jamii kitoke humo, kiandikwe, na sanduku likifunguliwa fedha zirudishwe mahali pake. Zikahesabiwa kwa sauti, mara mbili. Mama wa mtoto akaweka dole gumba kwenye daftari, akasindikizwa na wenzake wawili hadi barabarani kuchukua bajaji.

Hapo ndipo mama mdogo alipoomba kusema. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Mnasema hakuna mwizi hapa. Ni kweli, na mimi si mwizi. Lakini leo mmemwona mwenzetu, mtoto anaumwa na mfukoni hana kitu. Kesho ni mimi. Saa nane za usiku, mjukuu anatapika, sanduku liko chini ya kitanda changu na funguo zote ninazo. Nitafanya nini? Nitasema nachukua, asubuhi nitarudisha. Asubuhi nisipopata je? Msinipe mtihani huo. Sanduku lilale kwangu, funguo zilale kwingine."

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kisha yule aliyekuwa ametaka funguo zote zikae kwake ndiye aliyetoa pendekezo: kila mshika ufunguo awe na msaidizi, atoke nyumba nyingine, na anayesafiri amkabidhi msaidizi wake ufunguo mbele ya mwanachama mmoja. Mikono ikanyooshwa, katibu akaandika.

Nilipokwenda kuaga, nilimsimulia mama mdogo habari za mchungaji wa Ruthwell na sanduku lake. Alisikiliza huku akikunja mikeka.

"Na huyo mchungaji," akaniuliza, "ufunguo alikuwa na mangapi?"

Nikamwambia kwamba kwa utaratibu ule hata yeye asingeweza kufungua peke yake.

"Basi alikuwa na akili," akasema, akaliinua sanduku lenye kufuli mbili wazi na moja imefungwa, akazifunga zile mbili mbele ya wenye funguo, akaingia nalo ndani.

Mtoto alitoka hospitali Jumanne. Mshika ufunguo wa tatu alirudi kutoka Singida siku mbili baadaye, na jambo la kwanza alilofanya, hata kabla ya kupokea pole za msiba, ni kuutoa ule ufunguo kwenye mkoba na kuuliza msaidizi wake ni nani.